Bi Harusi na Mgongo Wake

11 Februari

Mwanangu kipenzi,

Wengine huanza barua kwa kusema wao ni wazima na hofu ni kwa yule aliye mbali. Mimi si mzima, na wewe unajua sijawa mzima tangu ulipokuwa na meno ya utoto, kwa hiyo hapo turuke. Mgongo upo palepale. Sukari ipo. Presha ipo. Lakini mwanangu, mama yako ana furaha mpaka majirani wanaona haya kwa niaba yangu!

Najua utasema, mama, simu zipo, barua za nini? Kwenye simu unanikatiza. Nikisema tu "mume wangu" nasikia unavuta pumzi kama mtu anayebeba gunia. Barua haina wa kuikatiza. Keti uisome mpaka mwisho.

Hujawahi kuniuliza tulikutanaje. Siku ya harusi ulisimama tu pembeni na sahani yako, ukawa unaangalia saa, halafu ukasema gari la mikate linatakiwa kurudi. Sawa. Nakueleza sasa.

Unaikumbuka ile meza ya kukatia vitambaa pale karakana yetu ya sare za shule? Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi, sijui nani, nami nikaiinamia miaka yote hiyo kama mtu aliyeangusha sindano. Mwenye karakana alipochoka kunisikia nikiguna, akamwita seremala. Akaja mtu mwenye mvi, kalamu ya risasi juu ya sikio. Wengine wote hunihoji: "Mama, unaumwa wapi? Tangu lini? Umejaribu kujikanda?" Yeye hakuuliza. Alisema, "Simama kama unavyosimama ukiwa huna ugomvi na mtu." Nikasimama. Akatoa futi yake, akanipima toka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Alinipima kiwiko kabla hajaniuliza jina! Akaitazama ile meza, akaitikisia kichwa, akasema, "Hii meza imekukosea adabu."

Mwanangu, miaka yote hiyo nani aliwahi kuniambia kwamba mwenye kosa ni meza?

Akaiinua miguu. Wiki iliyofuata nikamkuta kwenye benchi la kliniki ya sukari, kumbe na yeye ni mwenzetu, tena sukari yake ni kongwe kuliko yangu, na magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Chiriku, yule mwenzangu wa kazini asiyefunga mdomo, anasema wenzetu hukutana kwenye dansi, sisi tumekutana kwenye foleni ya kupima mkojo. Acha acheke. Ng'ombe hazeeki maini.

Sasa tunakaa vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Nyumba inanukia mbao mbichi. Jioni tukitoka kazini tunalala sakafuni ubavu kwa ubavu, miguu tumeiweka juu ya benchi, kama jozi ya viatu iliyovuliwa, naye ananichekesha mpaka namwomba aache kwa sababu kicheko kinanivuta kiuno. Na kila kitu tumeunganisha. Nguo zetu kabati moja, miswaki kikombe kimoja, hata vidonge vyetu tumevitoa kwenye vifuko vya hospitali tukavimimina vyote kwenye kopo moja la biskuti lenye picha ya maua. Mwili mmoja, kopo moja. Si tamu hiyo?

Nakupenda sana. Nijibu.

Mama yako,
Bi Harusi

*

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka mwisho, nimekaa kama ulivyoagiza.

Nakuuliza kitu kimoja, naomba unijibu bila mashairi. Kwa nini unalala sakafuni? Mtu mwenye mgongo kama wako, aliyeambiwa na daktari wa mifupa atafute godoro gumu lakini zuri, ameolewa na seremala, na seremala hana kitanda? Fundi viatu hutembea pekupeku, nimesikia, lakini amalize pekupeku yake peke yake, asimlaze mama yangu chini.

Sijasema mtu mbaya. Nimesema nina wasiwasi. Una magonjwa matatu, yeye ana yake. Mama, umeolewa au umepata kazi ya uuguzi? Na ukizidiwa wewe, atakuinua nani, huyo mwenye magoti ya mlango wa ghala?

Chumba cha nyuma hapa kwangu nimekisafisha. Kina dirisha. Sina la zaidi, kesho naanza kupakia mikate alfajiri.

Mwanao

*

27 Februari

Mwanangu mkali,

Marahaba, na pole na kreti za mikate.

Nimecheka mpaka nimelia! Mume wangu nilipomsomea kipande cha kitanda akashika kifua, akasema, "Nimeumbuka." Kitanda kipo, mwanangu, tena cha mti mgumu, amekitengeneza mwenyewe, na kimo chake amekipima kwa magoti yangu ili nisikiangukie wala nisikipande. Sakafuni tunajinyoosha tu jioni, robo saa, kama alivyotufundisha yule mtaalamu wa viungo wa hospitali. Mimi nilikuwa nafanya peke yangu zamani, wewe ukiwa shule, sikutaka unione nimelala chini kama mzigo. Sasa nina mwenzangu wa kulala naye chini. Ndiyo maana nilikuandikia. Nilidhani utaona ilivyo nzuri.

Hayo mashairi nitayaacha wapi? Sikiliza basi habari ya kazi, ambayo haina mashairi. Mwenye karakana amenifanya mkataji mkuu. Mimi! Shule imeagiza sare mpya za wanafunzi wote, sketi za marinda, na marinda ukikosea upana wa kidole kimoja darasa zima linaonekana limepinda. Tunatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki, nakata. Nikifika katikati mgongo unaanza kuwaka, moto unashuka paja mpaka kwenye unyayo. Hapo naweka mkasi, naweka mguu mmoja juu ya kibao alichonipigilia mume wangu chini ya meza, nahesabu pumzi, kisha nabadilisha mguu. Chiriku hunisubiri akipiga domo. Hakuna anayesema "pole" tena. Wanajua narudi.

Siku mbaya zipo, sikufichi. Juzi sikuweza kuvaa viatu. Alinivalisha yeye, akafunga kamba, akasema, "Sasa nenda ukaolewe tena." Mwanangu, nilikwenda kazini nikiwa na miaka ishirini!

Usiwe na wasiwasi. Kula vizuri.

Mama yako,
Bi Harusi, Mkataji Mkuu

*

9 Machi

Kwako binti wa mke wangu,

Salamu. Hatujazoeana, na mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea randa. Mama yako ameniambia nisikuandikie. Nimekaa nikafikiri, nikaona kwamba yeye ni mke wangu lakini ni mama yako kwanza.

Jumatano alianguka kazini. Yuko salama sasa, nalitanguliza hilo ili usisome ukitetemeka.

Asubuhi ile alitoka bila kula vizuri, alikuwa na haraka ya zile sketi. Akachukua kidonge chake kwenye kopo. Lakini hakikuwa chake, kilikuwa changu. Vyote ni vyeupe, vyote ni vya sukari, ila changu kina nguvu nyingine. Kabla ya saa nne akaanza kutoa jasho na kuongea maneno yasiyoungana. Wenzake walidhani anatania, kwa sababu siku hizi hutania sana. Kisha miguu ikamwisha. Yule wanayemwita Chiriku ndiye aliyegundua, maana mama yake mwenyewe alikuwa na sukari. Akamnywesha maji ya sukari akiwa bado anaweza kumeza, wakamkimbiza hospitali. Walimlaza siku moja. Katika kuanguka mgongo ulijipinda, kwa hiyo sasa maumivu yamezidi kidogo.

Wazo la kuweka vidonge kopo moja lilikuwa langu. Nesi alitusema sisi wawili kama watoto wa chekechea, na ana haki. Nimetengeneza masanduku mawili ya mbao, lake na langu, kila moja lina vyumba vya asubuhi na jioni. Lake nimelipaka rangi, langu sijalipaka, hata gizani mkono hauwezi kukosea. Dawa zimebaki ndani ya pakiti zake zenye maandishi.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimeandika ili ujue.

Seremala,
mume wa mama yako

*

10 Machi

Mwanangu kipenzi,

Huku hakuna jipya! Ni mvua tu, imenyesha mfululizo, mwenye karakana akatuambia tupumzike siku mbili tatu, nami nikasema si vibaya, bi harusi naye apumzike. Nimelala kitandani kama malkia. Mume wangu ananiletea uji kitandani na kuniangalia ninywe mpaka tone la mwisho, utadhani uji wenyewe una siri.

Sketi zinaendelea vizuri. Chiriku anashikilia mkasi kwa muda, Mungu asaidie marinda.

Barua hii ni fupi kwa sababu ya uvivu tu. Usifikirie lingine.

Mama yako,
Bi Harusi

*

16 Machi

Mama,

Nina barua mbili juu ya meza. Zimefika siku moja. Ya kwanza inasema ulianguka ukapelekwa hospitali. Ya pili inasema mvua.

Nimezisoma zote mara nyingi, kisha nikatoka nje nikaosha gari ambalo lilikuwa safi.

Kopo la biskuti! Na uliniandikia mwenyewe, mwezi wa pili, kwa wino wa bluu, mimi nikashupalia sakafu. Hilo najilaumu. Lakini, mama, wewe umeishi na sukari muda gani? Ni wewe uliyenifundisha kusoma kwa maandishi ya kwenye pakiti za dawa. "Moja, mara mbili, baada ya chakula." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kusoma. Mtu kama wewe amwage dawa kwenye kopo kama njugu kwa sababu ya mapenzi?

Na kunidanganya juu yake.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 28. Nimeomba ruhusa ya gari, nitatoa kreti zote. Panga nguo zako. Mwambie Fundi simchukii, amekuwa mkweli kukuzidi wewe, lakini wagonjwa wawili hawawezi kubebana. Huku kuna chumba, kuna hospitali karibu, na kuna mimi. Kazi utaacha. Umekata sare za kutosha.

Usinijibu kwamba hutaki. Panga nguo.

Mwanao

*

20 Machi

Mwanangu,

Umesema nisikujibu kwamba sitaki. Basi sikujibu hivyo. Nakujibu kwamba sitakuja.

Kwanza nilidanganya, na hilo ni kosa langu. Niliona haya. Si haya ya kuanguka, nimeanguka mara nyingi. Niliona haya kwa sababu wazo la kopo lilikuwa langu. Mume wangu amekuandikia kwamba ni lake, nami nimegombana naye kwa hilo, ugomvi wetu wa kwanza. Anasema alikuwa ananisitiri. Nikamwambia wewe nisitiri na mvua, usinisitiri kwa mwanangu. Yeye alisita siku ile, alisema, "Hivi vinafanana." Mimi nikamwambia usiwe seremala kwenye mapenzi, si kila kitu ni cha kupima. Nikamimina. Nilikuwa mjinga mwenye furaha, na kidogo niondoke duniani sketi hazijakatwa. Umenielewa? Mjinga alikuwa mimi. Kwa hiyo kama ni adhabu, nipe mimi, usimpe yeye.

Sasa la pili, na hili lisome taratibu.

Wewe unaona mama mgonjwa aliyeolewa na mgonjwa. Unahesabu magonjwa yetu kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika. Mimi nimeishi na huu mgongo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote, pamoja na baba yako, Mungu amrehemu, pamoja na wewe. Najua tabia zake. Najua akinuna asubuhi atalegea saa sita. Najua anachukia baridi na ndoo. Sukari ilipokuja, nikajifunza sukari. Presha ilipokuja, nikajifunza presha. Kuna siku dawa ya huyu inamuudhi yule, na chakula kinachompendeza huyu kinamkasirisha mwenzake, nami nipo katikati nawasuluhisha kama mke mwenye mawifi watatu ndani ya nyumba moja. Na katikati ya mawifi hao nimekulea, nimekusomesha, nimekata sare yako ya kwanza na ya mwisho. Hiyo si bahati mbaya, mwanangu. Hiyo ni kazi, na naijua, na naifanya vizuri. Siku moja niliikosea. Ni nani hakosei kazini? Wewe hukuwahi kugonga mlingoti na mikate ndani?

Unasema wagonjwa wawili hawawezi kubebana. Nani amekwambia tunabebana? Tunatembea pamoja. Yeye akichoka tunapumzika, mimi nikichoka tunapumzika, hakuna anayemsubiri mwenzake kwa kuguna. Wewe, nilipokuwa nikitembea nawe, ulikuwa unasimama mbele na kugeuka. Sikulaumu, una miguu mirefu. Lakini ujue kwamba mtu anayegeukiwa kila mara huanza kujiona amechelewa maisha yake yote. Na huyu bwana sijawahi kumwona mgongo wake njiani. Yuko ubavuni.

Chumba chako kina dirisha, nakushukuru. Nitakuja kulala humo nikija kukutembelea. Lakini kwenye hicho chumba mimi ningekuwa mgonjwa. Hapa mimi ni mkataji mkuu. Mimi ni mke. Mtu akibisha hodi anaulizia mimi, haulizii ninaendeleaje.

Njoo Jumamosi hiyo. Njoo kama mgeni, tena mgeni wangu. Gari lako lina nafasi ya kuegesha mbele ya karakana ya mume wangu. Nguo zangu ziko kabatini na zitabaki humo.

Mama yako,
Bi Harusi

*

2 Aprili

Mwanangu,

Tangu uondoke sijaacha kukuwaza, nami huwaza vizuri zaidi nikiwa na kalamu.

Ulifika na gari tupu, umetoa kreti zote ili kabati langu lienee. Nilikuona kwenye mlango wa karakana yetu ya sare umesimama na funguo mkononi, sura kama ya askari, na mimi nina kitambaa tabaka mpaka kifuani, siwezi kuacha mkasi katikati. Nikakuambia, "Subiri." Sikuwa nimekuambia "subiri" tangu ulipokuwa mtoto. Ukasubiri. Halafu Chiriku, mdomo wake haujui mgeni wala mwenyeji, akakuambia, "Dada, ukimchukua huyu tuchukue na sisi, maana hapa hakuna mwingine anayejua kukata, sisi wengine tunatafuna kitambaa." Ukataka kununa, ukacheka. Nilikuona!

Nilimaliza kukata, nikageuka, nikakuta unaangalia mguu wangu ulio juu ya kile kibao, na jinsi ninavyoubadilisha. Uliangalia muda mrefu. Nilidhani unanihurumia.

Nyumbani mume wangu akakupa kiti cha kuegemea, mkazungumza habari za matairi na mbao, sijui kwa nini wanaume na madereva wana lugha yao. Mimi nikawa nimevimba kichwa kwa raha, watu wangu wawili meza moja. Kisha ukataka kuinuka.

Ulishika ukingo wa meza. Ukauma mdomo. Ukabaki umeinama katikati, hujakaa hujasimama, ukasema, "Funguo zangu ziko wapi?" Na funguo zilikuwa mkononi mwako.

Mwanangu, mimi nimetafuta funguo za namna hiyo maisha yangu yote.

Ulipotoka mume wangu alisema, "Huyo mtoto anabeba kwa kiuno." Ukaondoka na gari tupu vilevile, hukusema tena habari ya nguo, hukusema kama umekubali au umekata tamaa. Ulipiga honi mara moja kwenye kona.

Nakuuliza swali moja, nijibu bila ukali. Tangu lini?

Mama yako

*

9 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Tangu kabla ya harusi yako. Nilinyanyua kreti, kitu kikakatika mgongoni kama uzi, nikapakia zilizobaki. Tangu hapo moto haujaniacha. Unashuka mguu wa kushoto. Siku ya harusi sikuangalia saa kwa hasira. Nilisimama kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza kuinuka mbele ya wageni, nami nilikuwa nimevaa gauni lako ulilonishonea. Na niliondoka mapema kwa sababu kwenye gari, peke yangu, naweza kulia.

Kliniki nimekwenda wiki iliyopita, baada ya kutoka kwako. Usiniulize kwa nini si mapema. Wamepima na damu. Daktari anasema mgongo utachukua muda mrefu, labda nitaishi nao, na sukari iko juu kidogo, bado si ugonjwa, lakini imepiga hodi. Nikamwambia naijua hiyo sauti, ililelewa nyumbani kwetu.

Mama, nakwambia kitu. Nilipokuwa mdogo nilikuona siku moja umelala kwenye sakafu ya jikoni unavaa soksi ukiwa umelala. Uliniambia unacheza. Niliapa moyoni kwamba mimi sitakuwa hivyo. Nikachagua kazi ya kubeba ili nionyeshe. Dereva mwanamke peke yangu pale kiwandani, na kreti nabeba mbili ambapo wanaume wanabeba moja. Nilipoanza kuumwa, sikumwambia mtu. Nikafikiri, nikimleta mama hapa, nikamhudumia yeye, kila mtu ataangalia mgongo wake. Hakuna atakayeuangalia wangu.

Hicho ndicho chumba chenye dirisha, mama. Nilikuwa nakuleta ujifiche nami.

Halafu nimekuja nikakukuta unakata. Hukujificha. Uliweka mguu kwenye kibao mbele ya watu wote, ukavuta pumzi, ukaendelea, na hakuna aliyekuonea huruma, wanakuogopa! Njiani nilisimamisha gari nikakaa tu. Nikasema, kumbe inawezekana.

Meneja nimemwambia jana. Nilidhani atanipokonya gari. Amesema nitaendesha, vijana wa ghala watapakia. Nimesikia aibu siku nzima, na jioni nikasikia njaa, jambo ambalo sijalisikia muda mrefu.

Sasa naomba. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote. Nikifungua macho nimekauka kama ubao, na ninaogopa hata kugeuka. Wewe uliamka kila siku, ukanipikia uji, ukanisuka nywele, na mimi sikuwahi kukuona ukiamka. Ulikuwa tayari umesimama.

Nifundishe kuamka.

Mwanao

Msalimie Baba Fundi. Mwambie kiti chake ni kizuri, kosa lilikuwa la kiuno.

*

13 Aprili

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa, kisha mume wangu amenisomea nikiwa nimelala na macho nimefumba. Nimelia, usinikataze. Nimelia kwa sababu ulikuwa peke yako ndani ya lile gari. Halafu nikakasirika, halafu nikajivuna. Umekwenda kliniki mwenyewe. Umemwambia meneja mwenyewe. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kumwambia mwenye karakana kwamba meza ni fupi. Umenipita, na umenipita ukiumwa!

Basi somo. Lile atakalokupa mtaalamu wa viungo ndilo la kufuata, mwambie akuangalie ukifanya, usiende kwa maneno ya mama tu. Haya ni ya kwangu, ya kuanzia kesho.

Ukifungua macho, usiinuke. Najua mikate inakungoja. Ingoje. Watu wazima huamka kwa fujo kama wanaitwa na askari, mgongo unachukia hilo. Lala hapohapo uusalimie mwili toka chini. Vidole vya miguu, vichezeshe. Vifundo, vizungushe. Kunja goti moja, halafu la pili, nyayo zikanyage godoro. Magoti yayumbe kidogo kulia, kidogo kushoto, kama watoto wanaobembea bila kushindana. Itauma. Kuna kuuma kwa kuamka na kuna kuuma kwa kuonya, wiki chache utakujua kote kwa majina. Kule kwa kuonya kukija, acha, usijifanye shujaa. Ukiona mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, si suala la mama tena, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kisha geuka ubavu, mwili wote kwa pamoja, mabega na nyonga kama gogo moja. Miguu iteremke ukingoni yenyewe, na wakati inateremka mkono wa juu usukume godoro. Miguu inashuka, kichwa kinapanda. Usitumie tumbo wala hasira. Ukishakaa, kaa. Hapo ndipo mimi hupima sukari, na wewe ukiambiwa upime, pima hapo, kabla hujaanza kujibembeleza kwamba leo uko sawa. Kunywa maji. Soksi vaa ukiwa umelala kama zinakushinda. Uliniona jikoni ukadhani nimeshindwa na maisha, nami nikakudanganya kwamba nacheza. Heri ningekuita uje uone. Ningekwambia: tazama, mama yako amegundua namna ya kuvaa soksi.

Hilo ndilo najutia kidogo, kwamba kila siku ulinikuta nimesimama. Nilidhani nakupa nguvu. Kumbe nilikuficha kazi yenyewe, nikakuonyesha sare tu iliyokwisha kukatwa.

Mwezi ujao nimeomba likizo ya siku chache, mkataji mkuu siku hizi anaomba na anapewa! Tunakuja, mimi na mume wangu. Atakuja na futi yake. Anataka kupima kiti cha gari lako, anasema madereva wote wanakalia viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kile chumba chenye dirisha tutalala humo sisi. Lakini asubuhi, kabla ya mikate, mlango wangu nitauacha wazi. Njoo na mto wako, ukae kwenye kiti, usiseme kitu, uangalie.

Itanichukua muda. Nitaguna. Nitatukana kidogo, mume wangu amezoea. Nywele zitakuwa zimesimama na sitakuwa nimevaa meno yangu ya mbele, ambayo hata yeye alisubiri mpaka baada ya harusi kuyajua. Sitakuwa mrembo, mwanangu. Lakini nataka unione nikianzia chini kabisa, mpaka juu.

Mama yako